Kutembelea vijiji vya zabibu Dodoma: Bihawana na Hombolo kwa siku mbili

Wengi wanaoijua zabibu ya Dodoma wameijua kupitia dirisha la basi: zabibu zinapandishwa juu, pesa inashuka, basi linaondoka. Wanaoujua mvinyo wake wameukuta kwenye rafu ya duka Dar es Salaam au Arusha. Kati ya dirisha na rafu kuna kijiji, na kijijini kuna mkulima mwenye ekari moja au mbili anayeikata mizabibu yake kwa mkono mara mbili kwa mwaka. Mwongozo huu ni wa kukufikisha kwake. Ukianza na shamba, chupa itaeleweka yenyewe. Ukianza na chupa utarudi na picha za chupa.

Nimechagua sehemu mbili. Bihawana, kusini magharibi mwa jiji kwenye barabara ya Iringa, ndiko kilimo hiki kilikoanzia. Hombolo, kilomita 40 hivi kaskazini mashariki, ndiko utakakoona kilimo cha leo kikiwa na bwawa na kiwanda karibu. Siku mbili zinatosha bila kukimbizana.

Hatua ya 1: Chagua msimu kwanza, tarehe baadaye

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, kwa sababu watu hudhani shamba la mizabibu linapendeza mwaka mzima. Ukifika wakati mizabibu imepumzishwa utakuta nguzo, waya na vijiti vikavu.

Dodoma ina mavuno mawili kwa mwaka. Ya kwanza ni Februari na Machi, katikati ya mvua. Ya pili ni Agosti na Septemba, wakati wa kiangazi. Huko Italia au Ufaransa baridi kali huulaza mzabibu, na joto la masika yao huuamsha. Hivyo wanavuna mara moja tu. Dodoma haina baridi ya kuulaza mti. Anayeuamsha ni mkulima. Baada ya mavuno anauacha upumzike, kisha anaukata, na ule ukataji ndio unaoamuru macho, yale machipukizi yaliyolala kwenye fito, yachipue. Kuanzia siku hiyo hadi kuvuna ni miezi minne hivi. Wanaotaka kuvuna Februari hukata Oktoba au Novemba. Wanaotaka kuvuna Agosti hukata Aprili au Mei.

Ushauri wangu ni kwenda Agosti mwishoni au Septemba. Zabibu za kiangazi zina sukari nyingi zaidi, magonjwa ni machache, na njia ni kavu. Zabibu za masika hunywa maji mengi na huandamwa na ukungu: ubwiri unga, ule unaofanya majani yaonekane kama yamenyunyiziwa unga, na ubwiri vinyoya. Mkulima wa masika ana kazi kubwa kuliko ya kiangazi, na mara nyingi anapata bei ndogo.

Ila kama tayari umewahi kuona mavuno, nenda Mei. Ukataji unafundisha zaidi ya uvunaji, na wakulima wanakuwa na nafasi ya kuzungumza. Wakati wa mavuno gari la mnunuzi likishafika, hakuna mkulima atakayekusikiliza, na ana haki.

Hatua ya 2: Ijue historia ya mahali kabla hujafika

Huwezi kuelewa kwa nini zabibu ni jambo kubwa Ugogo bila kujua ukame. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mwaka mwingine haifiki. Wagogo waliishi na hali hiyo kwa kufuga ng'ombe na kulima uwele na mtama, nafaka zinazovumilia jua. Zamani misafara ya pembe za ndovu kati ya Tabora na Bagamoyo ilipita katikati ya nchi yao, na watemi waliitoza hongo, yaani ushuru, kwa njia na kwa maji. Maji ndiyo yaliyokuwa mali.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Halafu ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, na majeshi yaliyopita yakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipogoma, ikafuata njaa ya 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Ukikaa na mzee anayependa kusimulia, jina hilo litatokea. Usilitafute wewe, likija, sikiliza.

Katika nchi hiyo ndimo wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walimopanda mizabibu, pale misheni ya Bihawana, mwaka 1957. Kanisa lilihitaji mvinyo wa misa, na Waitaliano walikuwa wanakijua kilimo chenyewe. Kumbe ule ukame uliowaumiza watu kwa mahindi uliufaa mzabibu: jua la kutosha, hewa kavu, udongo wa kichanga usiotuamisha maji, na mwinuko wa mita 1,100 hivi unaoleta ubaridi usiku. Majirani wa misheni walichukua pingili, wakapanda kwao. Zao likatoka kanisani likaenda vijijini.

Miaka ya mwanzo ya 1970 ilikuja Operesheni Dodoma, watu wakahamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika kwenda vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 ikaamuliwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Zabibu ikawa zao la fahari la makao makuu mapya, kikajengwa kiwanda cha umma kilichoitwa DOWICO, na wakulima wakapanda kwa wingi. Kiwanda kilipokwama baadaye, zabibu zikakosa mahali pa kwenda. Zabibu ya mvinyo haihifadhiki ghalani kama mtama; ikiiva inataka mnunuzi wiki hiyo hiyo. Kuna walioing'oa mizabibu wakarudi kwenye uwele. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilikuja viwanda binafsi, kikiwemo CETAWICO pale Hombolo, na zao likainuka tena.

Kwa hiyo mkulima akikuuliza, "Na wewe unanunua?", hilo swali limebeba miaka mingi. Jibu ukweli kwamba umekuja kujifunza na utanunua kidogo cha nyumbani.

Hatua ya 3: Fika Dodoma na upange usafiri wa kwenda kijijini

Kutoka Dar es Salaam, treni ya SGR inafika Dodoma kwa saa tatu hadi nne, kutegemea aina ya treni. Kata tiketi mapema na ubebe kitambulisho. Mabasi yapo tele na yanashushia stendi kuu ya Nanenane.

Kwenda vijijini una njia tatu. Daladala ni nafuu na utasikia mazungumzo ya watu wa huko, lakini ya jioni kurudi mjini huwahi kuisha. Muulize kondakta saa ya gari la mwisho kabla hujashuka. Gari la kukodi linafaa mkiwa watatu au wanne. Bodaboda inafaa Bihawana kwa sababu ni karibu na lami ipo. Kwa Hombolo siishauri, vumbi na umbali vitakuchosha kabla ya shamba. Mwenye kuendesha asionje mvinyo. Amueni asubuhi ni nani.

Hatua ya 4: Tafuta mwenyeji, usivamie shamba

Shamba la mizabibu ni mali ya mtu, na wakati wa mavuno linalindwa dhidi ya wezi na ndege. Ukionekana unapiga picha kwenye uzio bila kupatana na mtu, utaulizwa, na kwa haki.

Anza ofisi ya kata au kwa mwenyekiti. Jitambulishe, sema unatoka wapi na unataka kuona nini. Uliza kama afisa ugani yupo, au kiongozi wa chama cha ushirika cha msingi, AMCOS, cha wakulima wa zabibu. Hao ndio wanaojua nani anakata leo, nani anavuna kesho, na nani ana moyo wa kumkaribisha mgeni. Ukiwa na simu ya mtu mmoja wa namna hiyo siku mbili kabla, safari imekamilika nusu.

Kwa wazee, shikamoo kwanza, hata kama unaona wana kazi. Ukiongeza "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kwa kundi la watu, nyuso zitafunguka. Usiingie moja kwa moja kwenye maswali ya ekari na bei. Utaulizwa habari za nyumbani kwako, na wewe uliza za kwao, za mvua na za mifugo. Ukikaribishwa kiti, kaa. Ukiletewa ugali wa uwele na mlenda, kula, hata matonge mawili.

Suala la malipo lizungumzwe mapema na kwa heshima: "Mzee, tutakuchukulia muda wako, tungependa kukushika mkono." Wengine watakataa fedha lakini watafurahi ukinunua zabibu au ukabeba sukari na majani ya chai.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, Bihawana

Ondoka mjini saa moja asubuhi. Barabara ya Iringa ni ile ile iliyokuwa sehemu ya barabara kuu ya zamani ya kuunganisha kusini na kaskazini mwa Afrika. Ukiendelea nayo utafika bwawa la Mtera na kisha Iringa. Bihawana ni karibu sana na jiji, na usishangae ukiona nyumba mpya zikiufuata mji unavyopanuka. Hili ni jambo la kuuliza: ardhi iliyokuwa ya mizabibu inapopanda bei kwa ajili ya viwanja, mkulima anaamua nini?

Misheni ndiyo kitovu: kanisa, seminari ndogo na shule ya sekondari. Kuna pia kituo cha mafunzo ya wakulima. Haya ni maeneo ya watu wanaosali na kusoma, kwa hiyo ripoti kwanza, vaa kwa staha, na Jumapili asubuhi subiri misa iishe. Ukipata padre au mfanyakazi wa siku nyingi, muulize kuhusu miaka ya mwanzo, jinsi pingili zilivyotoka misheni kwenda kwa waumini. Historia ya hapa iko kwa watu zaidi ya kwenye maandishi, na wanaoikumbuka wanazidi kupungua. Omba ruhusa uwarekodi kwa simu, halafu uwatumie wanafamilia nakala.

Mchana toka misheni uende kwenye mashamba ya familia.

Hatua ya 6: Ukiwa shambani, angalia haya

Simama kwenye mstari mmoja na umtazame mtu mmoja akifanya kazi. Usizunguke shamba zima.

Kama ni msimu wa kukata, mtazame mikono. Anashika fito la msimu uliopita, anahesabu macho kwa kidole gumba kutoka kwenye shina, anaacha machache, halafu mkasi unapita juu kidogo ya jicho la mwisho, kwa mshazari ili maji yasitulie kwenye kidonda. Mkasi ukiwa butu unaponda badala ya kukata, na kidonda kilichopondeka kinakaribisha ugonjwa, ndiyo maana utaona jiwe la kunolea mfukoni. Ukirudi kwenye mti ule ule baada ya siku chache, huenda ukakuta tone la maji safi likining'inia pale ulipokatwa. Mizizi imeshaanza kusukuma. Mkulima akiliona anajua mti uko hai na macho yatafunguka.

Akiacha macho mengi mno, atapata vishada vingi vidogo visivyo na sukari. Akiacha machache, atapata majani. Uamuzi huo anaufanya mti kwa mti, kwa maelfu ya fito, na hauandikwi popote. Kwangu mimi hiki ndicho kitu cha thamani kuliko vyote utakavyoona katika safari hii.

Kama ni mavuno, angalia jinsi kishada kinavyokatwa kikonyo na kulazwa kwenye kreti bila kurushwa. Zabibu iliyopasuka huanza kuchacha juani hata kabla ya kufika kiwandani. Wanunuzi hupima sukari kwa kifaa kidogo ambacho mtu anakichungulia kama darubini baada ya kudondoshea tone la maji ya zabibu. Omba nawe uchungulie. Kipimo kikiwa chini, mzigo unaweza kukataliwa au kusubirishwa, na utaelewa kwa nini mkulima anakodolea macho mawingu ya Machi.

Uliza aina. Ya mvinyo mwekundu iliyoenea ni Makutupora Nyekundu, iliyopewa jina la kituo cha utafiti wa zabibu kilichopo Makutupora, kaskazini mwa jiji. Ya mvinyo mweupe ni Chenin Blanc. Zabibu hizi ni ndogo, zina ganda gumu na mbegu, na mgeni aliyezoea za mezani huona kama ametapeliwa. Ganda hilo ndilo linalotoa rangi na ukakasi wa mvinyo mwekundu.

Halafu onyo moja la kiafya ambalo watu hulipuuza: usichume na kula papo hapo. Mizabibu hupuliziwa dawa dhidi ya ubwiri, na unga wa salfa hauonekani vizuri kila wakati. Muulize mwenye shamba alipulizia lini, kisha osha. Watoto washikwe mkono.

Maswali mazuri ya kuuliza: nguzo zinadumu miaka mingapi kabla ya mchwa kuzimaliza? Maji unayapata wapi kiangazi? Nani nyumbani anajua kukata zaidi yako? Hilo la mwisho limewahi kunifungulia mazungumzo marefu kuliko yote, kwa sababu vijana wengi wako mjini.

Hatua ya 7: Siku ya pili, Hombolo

Njiani utaona mibuyu mikubwa, migunga, na hapa na pale tembe, nyumba za Wagogo zenye paa bapa la udongo. Nyingi zimebadilishwa kwa bati. Ukikuta moja inayokaliwa, omba ruhusa kabla ya picha.

Hombolo inajulikana kwa mambo kadhaa: Chuo cha Serikali za Mitaa, kituo cha zamani cha kuwatunza wagonjwa wa ukoma, na bwawa lililojengwa enzi za mkoloni. Nenda bwawani asubuhi, wavuvi wanapotoka na perege. Usiingie majini, maji yaliyotulia hubeba kichocho. Ukisimama kando utaelewa mashaka ya eneo zima: mvua ya miezi michache inakusanywa hapa, na kila mwaka tope linaloletwa na mito linapunguza kina.

Kwa kiwanda, lazima uombe miadi. Usifike getini ukitegemea bahati, hasa msimu wa mavuno ambapo malori yamepanga foleni. Ukiruhusiwa, fuatisha safari ya zabibu kwa mpangilio: mizani, mashine ya kutoa vikonyo na kuponda, matangi ya kuchachushia, matangi ya kutulizia, ujazaji wa chupa. Tofauti kubwa ya kukumbuka ni moja. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda. Mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatolewa, ndipo hamira ikaanza kazi.

Usipopata ruhusa, hujapoteza. Tumia saa hizo kwa wakulima wanaozunguka bwawa. Kuna wasindikaji wadogo pia, wengine ni vikundi vya akina mama, wanaotengeneza juisi, jemu, zabibu kavu na mvinyo kwa mapipa machache. Kwao utaruhusiwa kuuliza hadi utosheke.

Hatua ya 8: Onja kwa utaratibu

Utasikia watu wakisema "mchuzi wa zabibu". Ni zao la zabibu zilizosindikwa hatua za mwanzo na kuuzwa kwa jumla, bado halijakamilika kuwa mvinyo wa chupa. Wakulima na vyama vyao husindika mchuzi ili zabibu zisiozee shambani mnunuzi anapochelewa. Ukipewa kikombe utaona si mwangavu, una ukali wa ndimu na harufu ya hamira. Onja kidogo.

Kwenye mvinyo uliokamilika, anza na mweupe mkavu, kisha mwekundu mkavu, na mtamu uje mwisho. Utamu ukitangulia, mkavu wote utakaofuata utaonekana mchungu. Kula kitu kwanza. Nyama ya mbuzi ya kuchoma na mwekundu wa Makutupora vinaelewana sana. Kunywa maji katikati, maana jua la Dodoma linakausha mwili bila wewe kutoa jasho.

Asiyekunywa pombe hana sababu ya kubaki mjini. Juisi freshi ya zabibu ipo, na shamba ni la wote.

Hatua ya 9: Kununua na kubeba

Zabibu za kula nunua siku ya kuondoka, asubuhi, kabla hazijapata joto. Chagua kishada chenye kikonyo cha kijani. Kikonyo cha kahawia kimekaa. Pakia kwenye boksi la katoni lenye gazeti katikati ya tabaka, usizidishe tabaka mbili. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na hata isingekuwa hivyo, zabibu ndani ya plastiki hutoka jasho na kuoza.

Mvinyo wa chupa nunua wenye nembo ya Shirika la Viwango (TBS) na stempu ya kodi. Mlaze chini ya kiti, mbali na dirisha. Buti la gari lililoegeshwa juani mchana wa Dodoma linaweza kuuharibu kwa siku moja.

Mchuzi usiubebe kwenye chupa iliyofungwa kabisa. Hamira bado inaweza kuwa kazini, na gesi ikikosa pa kutokea chupa inapasuka. Kama lazima, tumia dumu lenye nafasi juu, kifuniko kikiwa kimelegea, na usilipandishe kwenye basi la watu.

Na bei ya mkulima usiipunguze sana. Muulize kiwanda kinamlipa ngapi kwa kilo, kisha linganisha na unachoombwa wewe. Ukishajua tofauti hiyo, mlipe anachosema, chukua namba yake, na msimu ujao mpigie kabla hajakata.